Memwari ya Kompyuta Bujumbura: Historia Fupi ya Utafiti Unaosimamiwa na Lugha Iliyoachwa Nje

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya mradi wa utafiti wa mwaka wa mwisho katika masomo ya kompyuta mjini Bujumbura, mradi ambao wanafunzi wa huko huuita memwari. Yanaonyesha kwamba umbo la memwari lilirithiwa kutoka vyuo vikuu vya Ubelgiji, na kwamba tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 umbo hilo limekutana na mila ya pili, ile ya shahada zenye madaraja iliyoletwa na Chuo Kikuu cha London. Hoja kuu ni kuwa mila zote mbili zilitunga kanuni za lugha ya maandishi, lakini hazikuitambua lugha ya usimamizi, yaani mazungumzo ambamo mwanafunzi na msimamizi wake hufanya maamuzi ya utafiti. Katika kompyuta, maamuzi hayo mara nyingi ni maamuzi ya maneno. Yasipoandikwa, sehemu ya utafiti hupotea. Makala yanamalizia kwa mapendekezo matatu kwa vyuo vikuu na kwa watunga sera wa Jumuiya.

1. Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuketi katika jopo la utetezi wa memwari katika chuo kikuu kimoja cha Bujumbura. Mtahiniwa alikuwa ametengeneza programu ya simu ya kuwasaidia wauza vitenge wa Buyenzi kuweka kumbukumbu za wateja wanaochukua mali kwa mkopo. Utetezi uliendeshwa kwa Kifaransa, kama ilivyo ada. Programu yenyewe ilikuwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya biashara katika mtaa ule. Zamu yangu ilipofika nilimwuliza kwa nini kitufe cha kuondoa jina la mteja kimeandikwa "Ondoa" na si "Futa", neno ambalo watumiaji wengi wa kompyuta na simu za Kiswahili wamelizoea.

Alijibu kwamba toleo la kwanza lilikuwa na "Futa". Alipolipeleka sokoni, mama mmoja alikataa kabisa kukigusa kitufe hicho akisema kuwa yeye hajamfutia mtu deni. Katika lugha ya biashara, kufuta deni ni kusamehe deni. Kwa macho ya mama yule, programu ilikuwa inamtaka asamehe mali yake kwa kidole kimoja. Mtahiniwa akaeleza pia kwamba neno "Hifadhi", linalotumika kwa kuweka taarifa, liliwapeleka wauzaji kwenye mbuga za wanyama na kambi za wakimbizi. Mwishowe aliandika "Bika", neno la Kirundi ambalo kila mfanyabiashara wa mjini analielewa.

Maelezo hayo yalichukua dakika mbili, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyokuwa utafiti bora kuliko yote tuliyoyasikia asubuhi ile. Katika memwari yenyewe hapakuwa na hata sentensi moja juu yake. Baada ya kikao, msimamizi aliniambia kuwa yeye na mwanafunzi wake walilijadili jambo hilo kwa wiki kadhaa, kwa Kirundi na Kiswahili, ila hawakuona sura ambamo lingeweza kuingia.

Kauli hiyo ndiyo chanzo cha makala haya. Swali ninalolijadili ni la kihistoria: ilikuwaje mradi wa utafiti unaosimamiwa ukawa na sura ya kila kitu isipokuwa maneno ambayo utafiti huo ulifanywa kwayo? Tukio moja halithibitishi hali ya nchi nzima, wala silitumii kwa shabaha hiyo. Nalitumia kama mlango.

2. Mila mbili za mradi wa mwisho

Elimu ya juu mjini Bujumbura ilizaliwa katika mazingira ya udhamini wa Ubelgiji. Wabelgiji walikuwa wamefungua Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville mwaka 1954 na Chuo Kikuu Rasmi mjini Élisabethville mwaka 1956, na desturi za vyuo hivyo ndizo zilizoelekeza masomo ya juu katika Ruanda-Urundi. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na mwaka 1964 kikaanzishwa Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, kwa mchango mkubwa wa Wajesuti. Tangu mwaka 1977 chuo hicho kinaitwa Chuo Kikuu cha Burundi.

Katika mfumo huo, shahada ya kwanza ilikuwa na ngazi mbili: miaka miwili ya kandidatura na miaka miwili ya lisansi. Lisansi haikukamilika bila memwari. Mwanafunzi alichagua mada, akapewa mwalimu wa kumwongoza, akaandika kazi ndefu yenye tatizo, nadharia tete na uthibitisho, kisha akaitetea hadharani mbele ya jopo. Mara nyingi kazi hiyo ilimalizika muda mrefu baada ya masomo ya darasani kwisha. Matokeo yalitangazwa kwa maneno ya Kibelgiji, kuanzia satisfaction, kisha distinction, hadi grande distinction. Memwari ilikuwa mlango wa kutokea chuoni, na ufunguo wake ulikuwa Kifaransa.

Upande wa pili wa ziwa na mipaka, mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine. Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa sehemu za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Huko shahada ya kwanza ilipangwa kwa madaraja: daraja la kwanza, daraja la pili la juu, daraja la pili la chini, na kuendelea. Uzito mkubwa ulikuwa katika mitihani ya maandishi. Mradi wa mwaka wa mwisho, ulipokuja kuwa wa lazima katika fani kama uhandisi na kompyuta, ulihesabiwa kama somo moja miongoni mwa mengine, wenye msimamizi, ripoti na onyesho la kifaa kilichotengenezwa.

Inafaa kutaja hapa tatizo la istilahi. Kiingereza huziita shahada hizo za madaraja kwa neno lenye maana ya heshima, lakini kwa Kiswahili "shahada ya heshima" ni ile anayotunukiwa mtu mashuhuri bila kuketi darasani. Zaidi ya hayo, nchini Afrika Kusini na Australia neno hilohilo la Kiingereza hutaja mwaka mzima wa ziada wa utafiti baada ya shahada ya kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bujumbura, wa Nairobi na wa Johannesburg wanaposema kuwa wamefanya mradi wa utafiti wa shahada, wanasema mambo matatu yanayofanana kwa sura tu. Katika makala haya natumia "mradi wa utafiti unaosimamiwa" kwa maana ya jumla, na "memwari" kwa ule wa Bujumbura.

3. Kompyuta inaingia katika memwari

Kompyuta iliikuta memwari ikiwa na kanuni zake tayari. Fani za lugha, sheria na sayansi za jamii ndizo zilizokuwa zimeijenga, na fani mpya ikalazimika kuvaa nguo iliyoshonwa kwa kiwiliwili cha mwingine. Matokeo yake ni memwari ambazo nusu ya kwanza inaeleza nadharia na historia ya shirika linalochunguzwa, na nusu ya pili inaleta michoro ya mfumo na picha za skrini.

Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliwatawanya walimu na wanafunzi, na usimamizi ni kazi isiyovumilia mtawanyiko. Kitabu kinaweza kumsubiri msomaji, lakini msimamizi aliyekwenda uhamishoni hawezi kumsubiri mwanafunzi wake. Kuelekea mwaka 2000, ambao ndio mwaka wa Mkataba wa Amani wa Arusha, vyuo vikuu binafsi vilianza kufunguliwa: Chuo Kikuu cha Ngozi mwaka 1999, kisha Chuo Kikuu cha Lumière mjini Bujumbura mwaka 2000. Chuo Kikuu cha Hope Africa kilianzia Nairobi na baadaye kikahamia Bujumbura, kikileta ufundishaji wa Kiingereza na Kifaransa kwa pamoja. Masomo ya kompyuta, hasa yale ya matumizi yake katika uongozi wa biashara, yalipata wanafunzi wengi katika vyuo vya aina hii, kwa kuwa yaliahidi ajira katika benki, kampuni za simu na mashirika.

Matukio matatu yaliyofuata yalibadilisha mazingira ya memwari. La kwanza ni Burundi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, jambo lililoiweka memwari mbele ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, chombo kilichokuwapo tangu 1980. La pili ni kufika kwa nyaya za intaneti za chini ya bahari katika pwani yetu kuanzia mwaka 2009, ambazo hatimaye ziliwawezesha wanafunzi wa nchi zisizo na bahari kusoma na kupakua programu kwa gharama inayovumilika zaidi kuliko enzi ya setilaiti. La tatu ni sheria ya Desemba 2011 iliyopanga upya elimu ya juu nchini kwa ngazi tatu, yaani bakalorea, masta na daktari, kwa kufuata mwelekeo ulioanzia Bologna mwaka 1999.

Mageuzi ya 2011 yalikuwa na athari ambayo haijadiliwi vya kutosha. Shahada ya kwanza ilipopunguzwa kuwa miaka mitatu yenye vipimo 180, kazi iliyokuwa ikienda kwa mwendo wa mwanafunzi ilibanwa ndani ya muhula. Kwa upande mmoja hilo lilikuwa jambo jema, maana wapo waliokwisha kuzeeka na memwari mkononi. Kwa upande mwingine, muda ukipungua kinachokatwa kwanza ni kile kisicho na sura yake katika ripoti: kurudi sokoni mara ya pili, kumwuliza mama wa vitenge kwa nini amekataa, kubadilisha neno na kujaribu tena.

4. Usimamizi kama mazungumzo

Ili kuona kilichoachwa nje, tutazame hatua za mradi wenyewe. Mwanafunzi huleta wazo, na msimamizi hulipunguza hadi lifanyike. Huandikwa pendekezo. Hufuata usomaji wa kazi zilizotangulia, uchambuzi wa mahitaji ya watumiaji, usanifu wa mfumo, uandishi wa programu, majaribio, uandishi wa ripoti na utetezi. Kwa kila hatua mjini Bujumbura tunaweza kuuliza: ni lugha gani iliyotumika?

Pendekezo na ripoti ni vya Kifaransa. Vitabu na maelekezo ya lugha za programu ni vya Kiingereza kwa sehemu kubwa. Uchambuzi wa mahitaji hufanywa na watu wa Buyenzi, Bwiza, Kamenge au bandarini, na huko Kirundi na Kiswahili hubadilishana nafasi ndani ya sentensi moja. Mazungumzo ya ofisini kati ya mwanafunzi na msimamizi hufuata mada na mazoea ya wawili hao. Kwa hiyo mradi mmoja hupita katika lugha nne, na kila kivuko ni uamuzi. Mwanafunzi anapotafsiri malalamiko ya muuzaji kuwa hitaji la mfumo, anafanya kazi ya uchambuzi. Anapoteua neno la kitufe, anafanya kazi ya usanifu.

Kiswahili mjini humo si mgeni wa juzi. Kilikuja na misafara ya biashara kutoka Ujiji na pwani, kikatumiwa na utawala wa Wajerumani, kisha kikaendelea katika mitaa, masoko na bandari hata pale ambapo shule za enzi ya Wabelgiji zilijengwa juu ya Kirundi na Kifaransa. Hapo ndipo ulipozaliwa mgawanyo ambao memwari iliurithi: Kiswahili ni cha sokoni, Kifaransa ni cha shuleni. Katikati ya miaka ya 2000 Kiswahili na Kiingereza viliingizwa katika shule za msingi, na sheria ya hadhi ya lugha ya mwaka 2014 ilikitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mtoto aliyeanza kusoma Kiswahili darasa la kwanza wakati ule sasa ana umri wa kuandika memwari, au amekwisha kuiandika. Shule ya msingi ilimfundisha lugha ambayo chuo kikuu hakimwombi aitumie.

Mtu anaweza kusema kwamba hili ni suala la wanaisimu, si la wanakompyuta. Katika fani nyingine huenda ingekuwa hivyo. Lakini katika programu inayotumiwa na watu, neno ni sehemu ya mtambo. Kitufe kilichoandikwa "Futa" kilifanya kazi kikamilifu kwa upande wa msimbo na kikashindwa kabisa mkononi mwa mtumiaji. Ripoti inayoeleza msimbo na kunyamaza kuhusu neno imeeleza nusu ya mtambo.

5. Mifano ya jirani

Historia ya eneo letu ina mifano ya kuonyesha kuwa maneno yanaweza kuhesabiwa kuwa utafiti wa kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowakutanisha wataalamu wa kompyuta na wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Kazi yake kubwa ilikuwa istilahi: kukubaliana maneno ya amri zinazorudiwa mara maelfu katika skrini. Nchini Finland, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kujenga mfumo wa uchanganuzi wa Kiswahili kwa kompyuta uitwao SALAMA. Jijini Nairobi, Peter Wagacha na wenzake kutoka Ubelgiji, Guy De Pauw na Gilles-Maurice de Schryver, walichapisha mwaka 2006 kazi juu ya kuifundisha kompyuta kutambua aina za maneno ya Kiswahili. Na mwaka 2020 watafiti walitoa hazina za habari za Kinyarwanda na Kirundi, KINNEWS na KIRNEWS, kwa ajili ya kufunza kompyuta kupanga matini kwa mada.

Kazi hizi zinatofautiana, lakini zina jambo moja la kutufundisha. Hazina za matini kwa kawaida hukusanywa kutoka kwenye maandishi yaliyochapishwa: magazeti, vitabu, tovuti. Kiswahili cha Bujumbura, kinachobeba "bika" na ndugu zake, hakionekani sana huko kwa sababu hakichapishwi. Mahali pamoja ambapo vijana waliosoma hukikusanya, hukijaribu na kukipima kwa makini ni katika miradi yao ya mwisho. Kila mwaka ushahidi huo hukusanywa, na kila mwaka huachwa nje ya jalada. Watunga sera wanaolalamika kwamba mifumo ya kompyuta haiijui lugha ya watu wetu wangefanya vema kuchungulia kwanza katika makabati ya idara zao.

6. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la mzigo. Wasimamizi ni wachache na mwanafunzi tayari anahangaika na Kifaransa cha ripoti. Ni kweli, na kwa sababu hiyo sipendekezi memwari iandikwe kwa Kiswahili. Ninachopendekeza ni kurasa chache ambazo maudhui yake mwanafunzi anayo tayari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: Kirundi ndicho lugha ya taifa, na kukipa Kiswahili nafasi katika memwari kunaweza kukinyima Kirundi haki yake. Pingamizi hili linastahili jibu la wazi. Orodha ya maneno ninayoipendekeza ni ya lugha yoyote ambayo watumiaji wa mfumo wanaitumia. Kwa programu ya wakulima wa Kayanza itakuwa ya Kirundi. Kwa ile ya wavuvi wa Rumonge au wachuuzi wanaovuka Gatumba kwenda Uvira itakuwa na Kiswahili kingi. Kiswahili kinahitajika kwa kazi nyingine mahususi, nayo ni kuuvusha muhtasari wa utafiti mipaka.

Pingamizi la tatu husema kwamba Kiingereza kinatosha kuvusha. Wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu mwaka 2017, na baadaye waliidhinisha Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga. Kati ya Bujumbura, Bukavu, Kigoma na Mombasa, lugha ambayo mwanafunzi wa kawaida wa kila upande anaweza kuisoma bila kutafuta mkalimani ni Kiswahili. Uamuzi huo wa lugha usipofika katika jalada la memwari, utabaki mapambo ya mikutano.

7. Hitimisho na mapendekezo

Nimeeleza kwamba memwari ya Bujumbura ilipata umbo lake kabla ya kompyuta, kwamba mila ya Ubelgiji na ile ya London ziliutazama mradi wa mwisho kama maandishi ya kupimwa, na kwamba mazungumzo ya usimamizi, ambamo maamuzi mengi ya kitaalamu hufanyika, hayakupewa mahali pa kuandikwa. Kutokana na hayo natoa mapendekezo matatu.

Kwanza, kila mradi wa utafiti wa kompyuta katika vyuo vikuu vya Jumuiya uwe na ikisiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, pamoja na ile ya lugha ya kufundishia.

Pili, pale ambapo mradi umetengeneza kitu kinachotumiwa na watu, ripoti iwe na kiambatisho cha maneno: neno lililoteuliwa, maneno yaliyokataliwa, na sababu iliyotolewa na watumiaji. Jopo la utetezi likihesabie alama.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, kwa kushirikiana na Baraza la Vyuo Vikuu, iandae hazina moja ambamo ikisiri na viambatisho hivyo vitawekwa na kusomwa na yeyote. Hazina hiyo itaihudumia sera ya istilahi na pia watafiti wa teknolojia ya lugha.

Yule mwanafunzi alipata alama nzuri, na alistahili. Nilipomwuliza kama ninaweza kupata nakala ya orodha yake ya maneno, alitoa daftari dogo la shule kutoka mfukoni, kurasa zake zimejaa mikato na mishale. Alisema alikuwa akifikiria kulitupa, kwa kuwa memwari ilikuwa imekwisha. Nililinakili siku ileile, naye akaondoka na daftari lake.